Mwaka Tulipofagia Zahanati

Simu ya msiba ilinikuta Bariadi mjini, kwenye ukumbi wa semina, nikimsikiliza kijana mwenye umri wa mwanangu wa mwisho akinifundisha maana ya neno usawa. Nimehudhuria semina nyingi kiasi kwamba ukizipanga moja juu ya nyingine zitagusa mawingu na zitabaki za kurudia chini. Najua kwa harufu tu kama chai imekaribia. Najua nani atasinzia kabla ya saa nne na nani atauliza swali refu ambalo mwisho wake yeye mwenyewe haujui. Kijana alikuwa anaeleza kwa nini mama wa kijijini anastahili huduma ileile anayopata mama wa mjini, na alieleza vizuri, sina la kumlaumu. Simu ikatetemeka mfukoni. Mama Nkwimba amefariki, wakasema, kwake nyumbani, usingizini, baada ya kula vizuri. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi za ukumbi. Sikulia. Nilichoka tu. Ilikuwa kama uchovu wote wa kazi hii, uliokuwa umepanga foleni kwa miaka, umeruhusiwa kuingia kwa mkupuo, na kila mmoja ukitaka kiti.

Vijana wa ofisini huniuliza niliingiaje kwenye shughuli hii ya kusaidia vikundi vya wananchi kudai haki yao ya afya. Huwa nawapa majibu matamu, mara niliota, mara niliitwa na rais mwenyewe akakosa namba yangu. Ukweli ni kwamba nilihitimu kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtu mzima, nimekaa kwenye dawati la watoto wa darasa la pili huku magoti yakinigonga kidevu, na cheti kilipotoka nilikitembeza mji mzima mpaka mbwa wa Bariadi wakanizoea. Aliyenipa kazi alikuwa Neema, mratibu wa mtandao wetu wa vikundi, mwanamke wa Tanga aliyekuja huku na Kiswahili laini kama mkate wa kumimina. Mkoa wetu ulikuwa bado mchanga, kila ofisi ikitafuta chumba. Chetu tulikipata nyuma ya duka la dawa za pamba. Ukuta uliotutenganisha na stoo haukufika juu, kwa hiyo tulifanya kazi tukivuta harufu ya sumu ya funza wa pamba kuanzia asubuhi hadi jioni. Mbu hawakuthubutu kuingia. Nzi akikosea njia alianguka juu ya karatasi akiwa ameshasali sala zake za mwisho. Humo ndani tulikuwa na meza moja, viti vitatu na birika la chai ambalo mfuniko wake ulikuwa sahani. Tulisikia kila mazungumzo ya dukani: wakulima wakilalamika kuwa dawa ya mwaka huu funza wanainywa kama maziwa, muuza duka akiapa kwa mama yake. Neema alikuwa akisimamisha kalamu kusikiliza. Alisema humo ndimo alimojifunza watu wa huku wanavyolalamika: wanalalamika kwa mzaha, na ukicheka nao hawasemi tena.

Neno la kazi yetu lilikuwa uchechemuzi, yaani kuwasukuma wenye mamlaka watende. Mara ya kwanza Neema alipolitamka mbele ya akina mama, mmoja aliuliza kwa upole ni nani ameumia mguu. Kikundi chenyewe kilikuwa cha kijiji kimoja upande wa Lalago, ng'ambo ya mto. Sitakitaja jina, wala halmashauri yake, maana wenyewe wangali hai na mimi bado napenda kukaribishwa. Kijiji kilikuwa na zahanati ya chumba kimoja na nusu. Kwenye kile chumba palikuwa na benchi la wagonjwa, meza ya nesi, na nyuma ya pazia la kitenge, kitanda kimoja cha chuma ambacho ngozi yake ilipasuka zamani. Mama aliyekuwa anajifungua alisikia waliokuwa benchini wakikohoa, na waliokuwa benchini walisikia kila kitu. Ile nusu ilikuwa stoo ya dawa. Nje, hatua chache, lilisimama boma la chumba cha kuzalia. Wanakijiji walikuwa wamelijenga wenyewe. Kila kaya ilileta tofali, mchanga na maji, kuta zikapanda mpaka kwenye lenta, na hapo zikakaa zikisubiri halmashauri ilete bati. Zilisubiri mpaka majani yakaota ndani. Mbuzi wa kijiji walipagundua. Walikuwa wanaingia humo kuzaa, faragha, kwenye kivuli cha ukuta, na Mama Nkwimba alipenda kusema kwamba mbuzi wa kwao wana wodi na wanawake wana benchi.

Mama Nkwimba alikuwa mwenyekiti wa kikundi. Mwanamke mrefu, mikono ya jembe, sauti ya chini ambayo hata ng'ombe walisimama kuisikiliza. Alikuwa na mkwe, Minza, mke wa mwanawe wa mwisho, mwenye mimba ya kwanza. Tulipofika kwa pikipiki ya ofisi, kabla ya jambo lolote alitushika mikono akatusalimia kwa utaratibu wote, mwangaluka, mhola, na za ng'ombe, na za mvua, na za huko mlikotoka. Neema alikuwa bado anababaika kwenye mhola ya pili wakati mama yule ameshafika kwenye afya ya wajomba. Kisha chakula. Ugali wa mtama, mlenda, maziwa ya mgando, na baadaye matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga za kutafunia. Nilikula mpaka pikipiki ikaniomba nishuke. Na hapo ndipo aliposema alichokuwa anakitaka, bila hotuba. Mto ukijaa, kijiji kinakatika na hospitali. Serikali haileti mkunga mahali pasipo na chumba cha kuzalia. Chumba kikipata bati, mkunga atakuja na vifaa vyake, na mvua zikija tena mkwe wake atazalia hapohapo nyumbani kwao. "Sitaki vingine," alisema. "Mkinipa bati kabla ya mvua, hayo mengine yenu mtayasema wenyewe."

Basi tukafanya kazi. Kamati ya madiwani inayoshughulikia afya ilikuwa inazunguka kuchagua ni boma lipi lipewe bati mwaka ule, na tuliwabembeleza waje kwetu mpaka nikahisi nimeota mizizi kwenye benchi la kusubiria pale halmashauri. Walipokubali, Neema alikaa na akina mama asubuhi nzima chini ya upenu wa zahanati, akiwagawia nani ataeleza habari ya maji, nani habari ya kitanda, nani habari ya mto. Aliwarudishia neno moja tena na tena: waonyesheni hali ilivyo. Wote wakaitikia kwamba wameelewa. Sasa naweza kueleza ilivyokuwa, kwa sababu nimekuwa na miaka ya kuiwaza. Walielewa kabisa. Ila alipotaja wageni, na magari ya wageni, na mheshimiwa mwenyekiti wa kamati atakayekuja na ujumbe wake, wale akina mama walisikia neno lingine lililokuwa ndani mwao kabla Neema hajazaliwa. Mgeni anakuja. Na mtu aliyelelewa huku, mgeni akija, anajua cha kufanya bila semina.

Siku yenyewe mimi na Neema tulitangulia kidogo mbele ya magari. Tulipokata kona ya mwisho Neema alipunguza mwendo akasema labda tumekosea njia. Uwanja wa zahanati ulikuwa umefagiwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana, kama nywele zilizosukwa. Ukuta wa mbele umepakwa chokaa. Mlangoni, mapipa mawili ya maji yamejaa hadi shingoni, na hayo maji yalichimbwa kwenye mchanga wa mto tangu alfajiri na kubebwa kichwani kupanda mlima unaotoka mtoni hadi zahanati. Ndani, ah. Ndani palikuwa na vitanda. Vitanda vimetoka majumbani, vya chuma, vya mbao, kimoja cha kamba, na juu yake magodoro, na moja bado liko kwenye nailoni yake ya dukani kwa sababu lilikuwa la bibi harusi wa wiki iliyopita. Mashuka yamenyooka. Vitambaa vya kudarizi vimetandazwa kwenye meza ya nesi, vyenye maua na maneno ya KARIBU MGENI. Mbuzi wamefukuzwa bomani, majani yamefyekwa, na mlango wa kuingilia humo umezibwa kwa mkeka mzuri ili lisionekane. Hata nesi alikuwa amevaa sare mpya ya kuazima kwa nesi mwenzake wa kata ya jirani. Na Mama Nkwimba amesimama katikati ya uwanja, kanga mpya, uso unang'aa kwa mafuta na fahari. Neema alishuka kwenye pikipiki akiwa amefumba mdomo kama mtu aliyekula ndimu. Nami nikasikia kuku wanakaangwa.

Hapakuwa na muda. Magari yakaingia. Mheshimiwa mwenyekiti wa kamati, bwana mnene mcheshi aliyependa watu, akashuka na wenzake, wakapigiwa vigelegele, wakanawishwa mikono kwa maji yaliyomiminwa kwenye birika kwa wingi kana kwamba tuna ziwa nyuma ya nyumba. Wakatembezwa. Aliyepangiwa kueleza habari ya maji alisema maji tunamshukuru Mungu. Wa kitanda alisema karibuni mkae. Wa habari ya mto alikuwa jikoni. Neema alijaribu, aliuliza kwa sauti, kwa Kiswahili chake cha Tanga, je, akina mama, vitanda hivi viko hapa siku zote? Wakamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeuliza nguo za ndani za mwenyeji zimenunuliwa wapi. Nami nilimsogelea mheshimiwa nikamwambia wazi kwamba magodoro yale ni ya kuazima, na lile la nailoni lina mwenyewe. Mheshimiwa akanipiga begani akacheka sana, akawaambia wenzake kwamba bwana huyu anawatania watani wake. Mama Nkwimba alinikanyaga mguu. Kisigino cha mama yule kingeweza kusaga mahindi, na kidole changu kimoja hakijawahi kunyooka tangu siku hiyo, na anayebisha nitavua kiatu.

Walikula wali wa Maswa, kuku, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yaliyopikwa kwa karanga. Walikula kwa heshima na kwa njaa. Mheshimiwa akasimama kushukuru, akasema amezunguka vijiji vingi na hajaona akina mama waliojipanga namna hii, usafi huu, maji haya, vitanda hivi. Akasema kijiji hiki ni cha mfano. Akasema atawaambia wengine waje wajifunze. Akina mama wakapiga makofi hadi vumbi likainuka kwenye uwanja uliofagiwa. Nilimtazama Neema, alikuwa anapiga makofi pia, polepole, macho yake yako kwenye ule mkeka uliofunika mlango wa boma. Bati zilikwenda kijiji kingine. Na kwa haki, kile kilikuwa na shida kweli; wao hawakuwahi kufagia. Tulipoleta habari, Mama Nkwimba alikuwa anapepeta dengu. Aliendelea kupepeta. Aliuliza mara moja tu kama wageni walilalamikia chakula, Neema akamwambia hapana, mama, walikisifia njia nzima. Akasema, basi.

Mvua zilianza watu wakiwa mashambani wanapanda pamba, na ilikuwa mvua ambayo ukimweka bata nje anaomba mwamvuli. Yaliyompata Minza niliyasikia kwa vipande, na nimeyaunganisha kutoka kwa wengi, maana yeye hakuwahi kunisimulia. Nesi wa zahanati alikuwa mmoja. Asubuhi ile alivuka kwenda kuchukua chanjo, na mto ukajaa akiwa upande wa mjini. Mchana uchungu ukamshika Minza. Wakamfikisha zahanati wakakuta kufuli. Wakamgeuza na mkokoteni wa ng'ombe hadi mtoni, wakakuta maji yanabeba miti mizima, wakaamua kusubiri yapungue. Hapo kivukoni kuna ghala la ushirika la kuhifadhia pamba, ambalo msimu ule halina kitu, magunia matupu na popo. Akina mama wawili walimwingiza humo wakamtandikia magunia. Kufikia jioni maji yalipungua. Minza alirudi nyumbani akiwa mzima. Alirudi peke yake.

Tulikwenda kuhani njia ilipopitika. Nyumba ya Mama Nkwimba ilikuwa na chumba cha mbele chenye madirisha madogo, na tulikaa humo kwenye vigoda pamoja na wanawake wengine, tukinywa uji wa mtama bila sukari. Watu walisema maneno ya msiba, kwamba ni kazi ya Mungu, kwamba bado ni wadogo, watapata. Minza alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Tulimsikia akigeuka kitandani. Na pale kitandani, najua kwa sababu pazia lilipepea, alikuwa amelalia mojawapo ya yale magodoro tuliyoyaona zahanati siku ya wageni. Leo nikiwa ukumbini, kijana anapoonyesha picha ya mstari wa juu na mstari wa chini na pengo lililo katikati, wenzangu huandika. Mimi hukumbuka pazia lile. Sisemi kwamba picha ni ya uongo. Nasema nimechoka kuitazama, na nikiitazama sioni mstari, naona wanawake wema waliobeba maji kupanda mlima ili mtu asijue kwamba hawana maji. Ningewalaumu kwa lipi? Hata mimi mwenyewe, ukinitembelea kesho bila kutoa taarifa, utanikuta nikisukuma nguo chafu chini ya kitanda kwa mguu.

Neema aliandika tena halmashauri, akaenda mwenyewe, akarudi. Jibu lilikuwa la adabu na lilikuwa lilelile: sisi tulifika, tuliona kwa macho yetu, pale pako vizuri, kuna walio na shida zaidi. Tulipigwa kwa ukarimu wetu wenyewe. Nilianza kuchoka mwaka ule, na ndiyo maana nauita mwaka wangu. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kuchoka mwili tu. Tulikaa kwenye kile chumba cha harufu ya sumu, chai ikipoa chini ya ile sahani, nikimwambia Neema kwamba labda nirudi kuuza mitumba, kule angalau shati likiwa na tundu mteja anakuonyesha. Alivaa kofia ya pikipiki. Alikwenda tena. Sijui alisema nini, lakini pamba ilipokuwa imevunwa na barabara zimekauka, mheshimiwa alikubali kupita pale kijijini kwa saa moja akiwa njiani kwenda kwenye shughuli nyingine.

Tukaenda kuwaambia akina mama. Safari hii Neema hakugawa maneno kwa mtu. Alisema ana ombi moja, na analisema kwa kupiga magoti: msifagie. Msilete godoro, msichote maji, msipike. Tulikuwa jikoni kwa Mama Nkwimba, moshi machoni, bakuli la karanga katikati. Nimewahi kuona watu wakikataa mambo, lakini sijaona ombi likikataliwa kwa ukimya mzito kama ule. Ungeweza kuukata vipande ukauza sokoni. Baadaye tulitolewa nje kwa adabu ili wenyewe wazungumze, na kwa kuwa ukuta wa jiko ulikuwa wa miti na udongo uliodondoka, tulisikia yote. Mmoja alisema huyu binti wa pwani hajui anachokiomba. Mwingine aliuliza, mtu akifika akanyimwa hata maji ya kunywa, kesho ataenda kutusema wapi, na watoto wetu wa kike atawaoa nani? Wa tatu akasema afadhali tufagie kidogo tu, pale mlangoni. Wakacheka kidogo, kisha wakaanza kupanga ni nani atafagia kidogo, na kidogo ikaanza kukua, imeshafika kwenye pipa moja la maji na kuku mmoja. Ndipo Minza akaingia na jagi la kunawisha mikono. Tangu mvua hakuwa amesema neno kwenye mkutano. Tulisikia jagi likiwekwa chini.

"Mimi siku hiyo nitakaa pale mlangoni," alisema. "Mwenye ufagio atanifagia na mimi."

Tulisikia vigoda vikisogezwa. Baada ya muda Mama Nkwimba alituita tuingie, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba wamekubali, kisha akamwambia Neema ale karanga, mbona hali.

Mheshimiwa alipofika, hakuna kigelegele. Uwanja ulikuwa na kinyesi cha mbuzi na majani makavu, na upepo ulikuwa unavizungusha kana kwamba umelipwa. Akina mama walikuwa wamekaa chini ukutani, nguo za shambani, na nilivyowaona vichwa vimeinama nilifikiri tumewafanyia kitu kibaya kuliko vyote. Minza alikuwa mlangoni. Alisimama, akasalimia, akawapisha. Ndani palikuwa na benchi, meza, pazia, na kile kitanda kimoja kilichopasuka. Mgonjwa mmoja alikuwa amelala chini sakafuni kwa sababu benchi limejaa. Bomani mbuzi alikuwa amezaa pacha juzi yake na hakupendezwa na ujumbe wetu. Mheshimiwa alizunguka, jasho linamtoka, akatafuta mahali pa kukaa, hapakuwapo. Akaomba maji ya kunawa. Akina mama wakatazamana. Niliona mikono ya Mama Nkwimba ikishika kanga yake, ikaiachia, ikaishika tena. Kisha akainuka, akaenda pembeni, akarudi na madumu mawili matupu, akampa moja kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mgeni zawadi.

"Maji yako mtoni, baba," alisema. "Twende nikupeleke."

Walikwenda. Nasema alikwenda, mheshimiwa, na viatu vyake vinavyong'aa, akateremka na akina mama wakamfuata, akachimba mchanga kwa bakuli kama wao, akangoja maji yajikusanye kama wao, maana mchanga hauna haraka na haujui vyeo. Alipanda ule mlima akiwa amebeba dumu ambalo halikujaa, na alipumzika njiani mara nyingi hivi kwamba mbuzi walitangulia kumpokea. Si kwamba nasifia. Mtu yule hakukasirika, na lazima niliseme hilo. Alinawa uso. Akasimama mbele ya Mama Nkwimba, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, mbona mara ile tulikuta kila kitu?

"Mara ile ulikuwa mgeni wetu," Mama Nkwimba alisema. "Leo umekuja kazini."

Waliondoka bila kula. Gari lilipotoweka mavumbini akina mama walitawanyika bila kuagana vizuri, kila mmoja njia yake. Bati zilikuja, niseme hilo mapema msije mkadhani natafuta machozi; zilikuja kabla ya mvua zilizofuata, na mkunga akaja nyuma yake, na wanawake wa kijiji kile wanazalia chini ya paa. Maji bado ni ya mtoni. Tunaandika. Neema alihamishwa, mimi nikabaki na kiti chake na uchovu wake, na vikundi ni vingi sasa, na kila mahali ninapokwenda ninawakuta wamefagia, na kila mahali naanza upya kuwaomba kwa magoti. Wengi hukataa. Siwashangai. Nilishaona bei yake.

Kwa sababu jioni ile, jua likiwa bado liko juu ya mashamba yaliyovunwa, Mama Nkwimba alituita ndani mimi na Neema. Tulidhani anataka kuagana. Alikwenda chumba cha ndani akafunua kanga juu ya masufuria, na harufu ikatoka. Alikuwa amepika. Alichinja kuku alfajiri bila kumwambia mtu, hata Minza, akapika wali wa kuwatosha watu wa magari mawili, akaufunika, akaufungia ndani, akaenda kukaa ukutani na nguo za shamba, na muda wote ule mheshimiwa alipokuwa anachimba mchanga kwa njaa, yeye alijua chakula chake kiko wapi. Minza alipoona yale masufuria aliweka mkono mdomoni. Mama Nkwimba hakumtazama. Alitunawisha, akatupakulia, akakaa mbele yetu bila kula. Kila gari liliposikika kule barabarani aliinua kichwa. Nilipunguza sahani, akaijaza. Nikapunguza tena. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimeshiba kweli, sitanii, na nilitaka kusema hivyo, lakini alikuwa ameshachukua upawa.

"Kula, baba," alisema. "Kula na cha kwao."